Aliyeungua na aliyetoka nje: jibu kuhusu ibada ya moto katika Dark Souls

Msomaji wetu wa Ujiji, Kigoma, ameuliza hivi: “Shikamoo mwalimu. Mimi na mdogo wangu tumemaliza Dark Souls ya kwanza kwenye PS3 tuliyonunua mtumba. Yeye aliugusa ule moto wa mwisho akaungua. Mimi niligeuka nikatoka nje, nyoka wakubwa wakaniinamia. Tangu siku hiyo hatuelewani. Pale mtaa wa Mwanga tunapochezea gemu, wengine wanasema giza ndilo mwisho mwema kwa sababu Gwyn, yule mfalme anayepiganwa naye mwishoni, aliwafunga binadamu. Wengine wanasema hakuna tofauti yoyote, maana mchezo unaanza upya. Na kuna mmoja anashikilia kwamba Solaire, yule askari anayeabudu jua, ni mtoto wa Gwyn. Nani yuko sahihi? Na ibada ile ya kuunganisha moto ina maana gani hasa?”

Marahaba, mwanangu, na mdogo wako mpe pole ya kuungua. Nimefundisha fasihi hapa Tabora kwa muda mrefu, na siku hizi maswali mazito kuhusu ishara na msimulizi asiyeaminika huletwa kwangu zaidi na vijana wa pedi za kuchezea gemu kuliko wasomaji wa riwaya. Sioni ubaya wowote katika hilo, kwa sababu swali lako ni la fasihi kwa kila kipimo, na linastahili kujibiwa kwa ushahidi uliomo ndani ya kazi yenyewe.

Jibu langu kwa kifupi ni kwamba ibada ile ni urithi wa ufalme uliokataliwa. Gwyn aliulisha mwili wake moto uliokuwa unakaribia kuzimika ili zamu ya mwingine isifike, na kila anayeugusa moto baada yake anaendeleza uamuzi huo, ajue asijue. Hata hivyo sikubaliani na wanaotoka hapo moja kwa moja na kusema kwamba giza ni wokovu, na sababu zangu nitazieleza.

Kwa ajili ya wasiokijua kisa, nikumbushe machache. Mchezo huu ulitolewa mwaka 2011 na kampuni ya FromSoftware ya Japani, chini ya uongozi wa Hidetaka Miyazaki. Unasimulia dunia ya kijivu iliyokuwa na miti mirefu ajabu na majoka yasiyokufa, hadi ulipotokea Moto wa Kwanza na kuleta tofauti: joto na baridi, uhai na mauti, nuru na giza. Waliotoka gizani wakachota roho zenye nguvu kando ya moto huo, nao ni Nito, wa kwanza wa wafu. Mchawi wa Izalith pamoja na binti zake. Gwyn, bwana wa mwanga wa jua. Na kijitu mmoja aliyejificha, ambaye msimulizi anamtaja kwa haraka na kusema kuwa husahaulika upesi. Hao watatu wa mwanzo wakayashinda majoka, Enzi ya Moto ikaanza, na kutoka kwa yule aliyesahaulika wakatokea binadamu. Moto ulipofifia, Gwyn akajitoa kuwa kuni zake. Binadamu nao wakaanza kutokwa na Alama ya Giza, wanakufa na kurudi, wanakufa na kurudi, mpaka akili inawaishia. Mchezaji ni mmoja wa hao.

Watu wengi huitafuta maana ya ibada katika dakika tano za mwisho, nami naona wanachelewa. Ibada inaanza kwenye moto wa kwanza kabisa unaopumzika kando yake. Fungua tena maelezo ya ule mfupa unaokurudisha kwenye moto wa mwisho uliopumzikia: ni kipande cha mfupa kilichogeuka jivu jeupe, na maelezo yanasema waziwazi kwamba mioto hiyo ya njiani hudumishwa na mifupa ya Wasiokufa, yaani hao wenye Alama ya Giza. Maana yake ni kwamba umekuwa ukiketi, ukijaza chupa yako na kupona majeraha, juu ya mabaki ya watu wa hali yako wewe. Halafu kumbuka unachofanya ukitaka moto uongezeke ili chupa ijae zaidi: unachukua utu, lile umbo dogo jeusi lenye mzingo mweupe, unauteketeza, na moto unapanda. Mchezo hausemi kwamba hilo ni jambo zito. Unakupa faida, unakuonyesha mwali, unakuacha uendelee na safari. Kwa hiyo mdogo wako alipofika kwenye Tanuri la Moto wa Kwanza na kuunyooshea moto mkono, alikuwa anafanya kwa mwili mzima kile ambacho nyote wawili mmekifanya kwa vipande vidogo tangu mwanzo, bila kuulizana.

Jambo la pili ni kuuliza nani alikuambia kwamba huo ni wajibu wako. Ni Frampt, yule nyoka wa kale mwenye meno makubwa anayejitokeza kwenye magofu ya Firelink baada ya kengele mbili kulia, na kukusimulia habari za mteule atakayemrithi Gwyn na kuondoa giza. Kisha ni Gwynevere, binti wa Gwyn, anayekupa chombo cha Mabwana, bakuli la kufungulia njia ya kumfikia Gwyn, kule Anor Londo, mji wa miungu, chini ya jua linalozama. Mkijaliwa kurudi chumbani kwake, mpigeni mshale mmoja tu. Binti anatoweka, na jua la mji mzima linatoweka pamoja naye, kwa sababu wote wawili walikuwa kiini macho kilichotengenezwa na Gwyndolin, mtoto wa Gwyn aliyebaki nyuma kulinda kaburi la baba yake. Gwynevere wa kweli alishaondoka zamani. Kwa hiyo agizo takatifu la kuurithi moto lilitolewa na picha, chini ya jua la uongo, katika mji ambao wenyewe walikwisha uhama. Hapo ndipo nadharia ya vijana wa Mwanga inapopata nguvu, na ni haki ipate.

Nguvu zaidi inatoka kwa Kaathe, nyoka wa pili, ambaye kwa maelezo yako nadhani hamkumwona. Huyu hujitokeza katika Shimo la giza chini ya New Londo, mji uliozamishwa majini, kwa mchezaji aliyewaua Wafalme Wanne kabla ya kuweka chombo mahali pake pamoja na Frampt. Kwa maneno yake, babu wa binadamu alipata Roho ya Giza na kuisubiri Enzi ya Moto ipite. Gwyn akaliogopa Giza, akawaogopa binadamu na bwana ambaye angezaliwa kati yao, akajitoa motoni na kuwaachia watoto wake kazi ya kuwachunga watu. Ukimsikiliza Kaathe kwanza, kila ulichokiona kinageuka: mteule anakuwa kuni, na wokovu unakuwa hila ya ukoo mmoja wa kifalme.

Lakini wewe hukai na shahidi mmoja bila kumuuliza anafaidika na nini. Kaathe ndiye anayemgawia mchezaji ule ustadi wa kunyonya utu wa wengine, ustadi ule ule uliowatumbukiza wafalme wa New Londo na mashujaa wao. Nenda ukayaone matokeo. Ukifungua milango ya maji na ziwa lile likashuka, njia ya kwenda chini inakutana nawe ikiwa imejaa maiti zilizorundikana ukutani na kwenye pembe za majengo, za watu wa kawaida waliozamishwa pamoja na mji wao ili wanyonyaji wale wasitoke nje. Hakuna mazungumzo hapo, hakuna anayekusimulia. Unapita juu yao tu. Na katika nyongeza ya mwaka 2012, mji wa Oolacile unaonyeshwa ukiliwa na giza lililochimbuliwa kaburini mwa binadamu wa kale, Manus, baada ya kusumbuliwa usingizini. Anayesema kwamba giza ni nyumbani kwetu na kwa hiyo halina madhara amezipita picha hizi mbili kwa haraka mno.

Sasa Gwyn mwenyewe. Baada ya safari yote ile, ungetarajia bosi wa mwisho awe mkubwa kuliko wote, mwenye hotuba na ngurumo za radi. Unachokutana nacho ni mzee aliyekauka, mwenye taji na upanga unaowaka, anayekurukia bila neno moja, huku piano ikipigwa polepole kama vile mtu yuko chumba cha pili. Mashambulizi yake yanakingika. Mchezaji aliyejifunza kulipiga pigo la adui pembeni na kumchoma wakati huo huo anaweza kummaliza mapema kuliko bosi wengi wa katikati ya mchezo. Wapo wanaolalamika kwamba hilo ni kosa la utengenezaji. Mimi naliona kuwa ndilo jambo lililofikiriwa vizuri kuliko yote. Maelezo ya roho yake yanasema kwamba sehemu kubwa ya nguvu zake alikwisha wagawia wengine kabla ya kuingia motoni, na mashujaa wake walioungua pamoja naye bado wanazurura nje wakiwa majivu yenye silaha. Mfalme huyo hana tena ufalme wala familia wala kauli, na bado anapigana ili asiondolewe pale alipo.

Wanafunzi wangu wa hapa Tabora, wakisikia habari za mfalme aliyejiteketeza, hukimbilia kumtaja Isike, mtemi wa Unyanyembe, aliyejilipua kwa baruti ndani ya ngome yake mwaka 1893 Wajerumani walipomzidi nguvu. Huwa nawazuia. Isike alikuwa amezingirwa na alikataa kutekwa. Moto wake ulifunga habari yake. Wa Gwyn ulikusudiwa kuzuia habari isifungwe. Mfano unaofaa zaidi uko Buganda, ambako moto uitwao Gombolola huwaka kwenye lango la ikulu ya Kabaka kule Mengo, na huzimwa Kabaka anapofariki. Angalia mpangilio wake: moto unakubali kufa na mfalme, kisha wa mfalme mpya unawashwa. Hata Japani kwenyewe, hekalu kuu la Ise hujengwa upya kila baada ya miaka 20 kwenye kiwanja cha pembeni, mara ya karibuni ikiwa mwaka 2013, na lile la zamani huvunjwa. Sidai kwamba Miyazaki alikuwa na Ise akilini. Ninachosema ni kwamba jamii nyingi zimetunza kitu kitakatifu kwa kukiruhusu kiishe na kuanza tena, na ukiitazama ibada ya Gwyn kando ya desturi hizo unaona kasoro yake mara moja: ndani yake hakuna nafasi ya kuzima. Ni sawa na mtu anayechomoa nguzo za nyumba azitie jikoni ili sufuria isipoe.

Kama usomaji huu ungetegemea mchezo wa kwanza peke yake, ningeutoa kwa tahadhari zaidi. Lakini mchezo wa tatu, wa mwaka 2016, unauunga mkono kwa picha badala ya maneno. Mnakumbuka jinsi mwali ulivyompanda mdogo wako mkononi, ukamzunguka mwili, kisha ukalipuka na kujaza Tanuri zima. Katika mchezo wa tatu, baada ya vizazi vingi vya mabwana kuungua mmoja baada ya mwingine, mchezaji anafanya ibada ile ile na moto unamshika kwa shida. Anaketi chini kando yake, mwali mdogo ukimlamba, na jua lililotobolewa kama pete nyeusi linabaki angani vilevile. Wengi wa mabwana wenyewe wamekwisha kataa kurudi kwenye viti vyao. Gharama ni ile ile, faida imekwisha. Na katika mwisho mwingine wa mchezo huo, mlinzi wa moto anauchukua mwali wa mwisho mikononi, anauacha ufifie, na kabla ya giza kamili anasema kwamba siku moja vijimoto vidogo vitaonekana tena gizani. Hapo ndipo mfululizo mzima unapokaribia zaidi kutamka kwamba moto ulioachwa ufe unaweza kuzaliwa upya bila kulishwa mtu.

Kuhusu kufungwa kwa binadamu, nyongeza ya The Ringed City ya mwaka 2017 inawapa vijana wa Mwanga ushahidi ambao mwaka 2011 haukuwepo. Maelezo ya mavazi ya mashujaa wa mji huo yanasema kwamba silaha za watu wa kwanza zilifuliwa Shimoni, na kwa sababu hiyo miungu iliweka muhuri wa moto juu yake na juu ya waliozimiliki. Wachezaji wengi wanaitambua Alama ya Giza, ile duara yenye ukingo wa moto, kuwa ndio muhuri huo. Nami nakubaliana nao, ingawa ni hitimisho la msomaji, na mwenye kuliweka kama tamko la mchezo anaongeza chumvi. Kwa hiyo nusu ya kwanza ya nadharia yao, kwamba Gwyn aliwafunga binadamu, ina miguu ya kusimamia. Nusu ya pili, kwamba aliyetoka nje amewafungua, bado inachechemea, maana ulichofanya wewe ni kuwa Bwana wa Giza huku nyoka waliokuinamia ni pamoja na Frampt, yule yule aliyekuhimiza kuungua. Mshauri anayepiga magoti kwa mshindi yeyote si mshauri wa kumtegemea, na binafsi naona onyesho lile la nyoka kuinamisha vichwa ni la kutisha kuliko moto.

Nadharia ya kwamba hakuna tofauti kwa kuwa mchezo unaanza upya ina akili, lakini imekosea mahali pa kuegemea. Ni kweli kwamba katika toleo la 2011, majina ya watengenezaji yakishapita, mchezaji anajikuta tena kwenye seli ile ile ya mwanzo bila kuulizwa kama anataka, na maadui wamekuwa wagumu zaidi. Ukilisoma hilo kama sehemu ya kisa, linaafiki sana picha ya mioto inayorithishana bila kikomo. Tatizo ni kwamba linawapata wote wawili, aliyeungua na aliyetoka, wakati mzunguko wa kisa, kwa mantiki yake yenyewe, ungepaswa kumpata aliyeungua tu. Kwa hiyo nalichukulia kuwa ni kaida ya michezo ya aina hii iliyoachwa ifanane na maana, na sijengi hoja juu yake. Mchezo wa tatu, kwa njia, unakuuliza kwanza kabla ya kukurudisha mwanzo.

Habari ya Solaire nitaipitia upesi. Ilikuwa nadharia nzuri mwaka 2011: mtu anayeabudu jua, anayerusha radi, katika nchi ambayo mtoto wa kwanza wa Gwyn alivuliwa uungu na sanamu yake kuondolewa. Mchezo wa tatu ukamleta mfalme asiye na jina, mungu wa vita aliyekuwa muuaji wa majoka, kisha akaacha vyote ili kushirikiana nayo, na maelezo yanasema kwamba Ornstein, shujaa wa Gwyn, aliondoka kumtafuta. Baada ya hapo kiti cha mtoto wa kwanza kina mwenyewe. Nampenda Solaire zaidi akiwa binadamu wa kawaida. Mtu asiye na ukoo wowote anayelitafuta jua lake mwenyewe katika nchi ambayo jua lake ni kiini macho ana uzito kuliko mwana wa mfalme aliyejificha.

Ulitaja pia, pembeni, kwamba Kiingereza cha mchezo kinawachosha na mnabaki mkikisia. Msione haya. Miyazaki amewahi kueleza kwamba utotoni alikuwa akiazima vitabu vya Kiingereza maktaba, sehemu nyingi hakuzielewa, na nafasi hizo alizijaza kwa kubuni mwenyewe kwa msaada wa michoro. Namna mchezo huu unavyosimuliwa, kwa vipande vya maelezo ya pete na silaha, imetokana na uzoefu huo. Nyinyi wawili mkibishana sebuleni kuhusu sentensi ambayo kila mmoja ameielewa nusu mnausoma jinsi ulivyotengenezwa usomwe, ilimradi anayekisia akumbuke kwamba amekisia.

Mkitaka kumaliza ubishi wenu kwa haki, chezeni mzunguko mwingine, na safari hii mshike njia mliyoiacha. Mkishapewa chombo Anor Londo, msikiweke bado na msikubali kushuka na Frampt. Mchukue ufunguo wa milango ya maji kwa mzee Ingward juu ya paa kule New Londo, mvae pete ya Artorias iliyo kwa mbwamwitu Sif, la sivyo Shimo litawameza mkiwa hamjafika chini, na muwaue Wafalme Wanne. Kaathe atajitokeza hapo hapo mara tu vita vitakapokwisha. Chombo kikishawekwa pamoja na Frampt, Kaathe hatatokea tena katika mzunguko huo, na kwa kuwa mchezo unajihifadhi wenyewe kila mara, hakuna mahali pa kurudia.